Nuru Inayoficha Milima

Picha za Masisi zinazotundikwa kwenye kuta za hoteli za Goma na kuchapwa kwenye kalenda zinafanana kiasi cha kuchosha. Ng'ombe wachache mbele, nyasi zilizolazwa na upepo, kisha mgongo wa kilima nyuma ya mgongo wa kilima mpaka macho yanakoma. Wageni waliipa nchi hii jina la Uswisi ya Afrika, na wenyeji hawakulikataa, maana linasaidia kuuza jibini. Picha hizo hazisemi jambo moja: kwamba zimechaguliwa. Mpiga picha yuleyule akisimama palepale mwezi wa saba, saa tatu ya asubuhi, akaelekeza kamera mashariki, atarudi na vilima viwili vya mbele na nyuma yake weupe mtupu. Milima haikuhama. Kilichobadilika ni hewa iliyo kati yake na jicho, pamoja na mahali jua liliposimama.

Nimeichagua Masisi, na jirani yake Walikale, kwa sababu njia moja tu ya kutoka mji wa Sake kwenda magharibi inakupitisha karibu katika kila namna ambayo hewa hutumia kuficha nchi: moshi wa volkano, mioto ya nyika, matanuri ya makaa, vumbi la barabara, mawingu yanayogusa vilele, ukungu wa mabondeni na pumzi ya miti. Masisi ni nchi ya malisho ya juu. Sehemu zake nyingi zinazidi mita 1,500 na migongo mingine inapita 2,000. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, imelala chini upande wa machweo, mji wake mdogo ukiwa kwenye mwinuko wa mita 700 hivi, msituni. Kati ya hizo mbili ardhi inashuka, na hewa nayo inabadilika tabia.

Tumezoea kudhani kwamba tusipoona kitu, nuru imepungua. Kwa mlima wa mbali mchana kweupe, mambo ni kinyume chake: nuru imezidi. Ukiwa ndani ya chandarua usiku ukawasha tochi, unachoona ni chandarua, nyuzi zake zote zikimeta, na chumba kinapotea. Zima tochi, mtu wa nje awashe taa yake, na chumba kinarudi, ingawa hakuna uzi uliopungua. Hewa ya mchana ni chandarua chenye unene wa makumi ya kilomita, na tochi yake ni jua. Kila chembe inayoelea kati yako na volkano ya Nyiragongo inapokea jua na kulirusha kila upande, na sehemu ya nuru hiyo inakuja moja kwa moja jichoni mwako. Haikutoka mlimani, haina habari yoyote ya mlima, lakini imeingia kwa mlango uleule. Wataalamu huiita nuru ya hewa. Wakati huohuo, nuru halisi ya mlima inapotea kidogokidogo njiani. Tofauti kati ya mlima na anga iliyo nyuma yake inafifia, na jicho hatimaye linashindwa kuigundua.

Linashindwa wapi hasa? Mwaka 1924 Mjerumani Harald Koschmieder aliandika hesabu ambayo mpaka leo inatumika viwanja vya ndege. Alichukua kwamba jicho la kawaida linahitaji tofauti ya angalau asilimia 2 kati ya kitu na mandhari yake. Chukua Mushaki, juu ya Sake, na kilele cha Nyiragongo, umbali wa kilomita 30 hivi. Kama hewa ya siku hiyo inakula asilimia 12 ya tofauti iliyobaki katika kila kilomita, ukifika kilomita ya thelathini imebaki asilimia 2 tu, na mlima wa mita 3,470 umefutika. Kama inakula asilimia 4, hewa ya kawaida baada ya mvua nzuri, umbali uleule unaacha karibu asilimia 30: mlima umesimama wazi, na mifereji ya lava ya zamani unaifuata kwa macho. Pengo kati ya 4 na 12 linaonekana dogo kwenye karatasi. Nje ya dirisha ndilo linalotenganisha kuwepo kwa volkano na kutokuwepo kwake.

Na hewa ambayo haina chembe hata moja? Hiyo nayo haikosi chandarua chake. Molekuli zenyewe za hewa hutawanya nuru, kama alivyoonyesha Lord Rayleigh mwaka 1871, na hutawanya zaidi mawimbi mafupi: nuru ya buluu inarushwa mara nne au tano kuliko nyekundu. Ndiyo sababu anga ni la buluu, na ndiyo sababu vilima vya Masisi vinaanza kijani mbele ya miguu yako na kumalizikia buluu kwenye upeo. Kilima cha tatu kina nyasi zilezile za kilima cha kwanza. Buluu unayoiona imetengenezwa katika hewa iliyo mbele yake. Jaribu pia kutazama kitu cheupe cha mbali, wingu kwa mfano. Lenyewe haliendi kwenye buluu, linaelekea manjano, kwa kuwa nuru yake nyeupe imepokonywa buluu yake njiani. Kitu cheusi hupauka na kitu cheupe hugeuka manjano, vyote kwa sababu moja. Katika hewa tupu ya molekuli peke yake, upeo wa kuona ungefika karibu kilomita 300, zaidi ya umbali wa Goma hadi Beni kwa mstari ulionyooka. Hakuna mtu wa Kivu aliyepata kuiona hewa hiyo.

Jirani wa mashariki ndiye anayeiharibu kwanza. Nyiragongo na mwenzake Nyamulagira ni kati ya chemchemi kubwa kabisa duniani za dioksidi ya salfa itokayo volkano. Nyiragongo ilimwaga lava mpaka ndani ya mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Baadaye ziwa la lava likarudi katika kreta yake na kuendelea kuchemka na kutoa gesi mwaka baada ya mwaka, hadi mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulipolikausha. Nyamulagira, fupi kwa mita mia nne hivi, hulipuka mara nyingi zaidi. Pepo za juu hapa kwa sehemu kubwa hutoka mashariki. Kwa hiyo moshi unaotoka katika vilele hivyo hauiendei Rwanda. Unakuja Rusayo, Sake, Mushaki, na unaendelea. Watu wa upande huo wameujua kwa majani ya maharage yaliyoungua na kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati yakawa na asidi na florini, kabla ya kuujua kama suala la mandhari.

Gesi yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni kile inachogeuka kuwa. Katika muda wa saa kadhaa au siku chache dioksidi ya salfa inaungana na oksijeni na maji ya hewani na kuwa vitone vya asidi ya salfa na chumvi zake, vyenye upana wa nusu mikromita au chini ya hapo, wakati unywele wa binadamu una mikromita 70 hivi. Ukubwa huo ndio mbaya kuliko wote kwa mtazamaji, kwa sababu unakaribiana na urefu wa mawimbi ya nuru yenyewe. Gustav Mie aliukokotoa mwaka 1908: chembe ndogo sana kuliko wimbi hutawanya kidogo, chembe kubwa sana ni nzito kwa kazi ndogo inayofanya, na hizi za katikati, kwa uzito uleule, ndizo zinazoziba nchi. Vumbi la barabara linalomfunika motari, yaani mwendesha pikipiki, kati ya Sake na Masisi lina kelele nyingi lakini ni la aina ya pili. Punje zake ni nene, zinaanguka kando ya njia, na nusu saa baadaye kilima kilichofichwa kimerudi. Utando wa salfa unaweza kukaa hewani kwa siku nyingi.

Kiasi kinachohitajika kinashangaza. Mikrogramu 10 za chembe laini katika mita moja ya ujazo ya hewa zina uzito mdogo kuliko punje moja ya chumvi ya mezani. Zinatosha kuushusha upeo wa kilomita 300 hadi chini ya 100. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kikomo chake cha chembe hizo kwa wastani wa mwaka hadi mikrogramu 5. Kwa maneno mengine, mtu anayekaa Mushaki na kuuhesabu mgongo wa mwisho anaouona kila asubuhi ana kipimo cha hewa ambacho hakikumgharimu kitu. Kina kasoro moja kubwa, nayo iko karibu sana na hapo. Kando ya Ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo dioksidi ya kaboni hutoka ardhini na kutuama kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Wenyeji huiita mazuku. Huua mbuzi, ng'ombe na watu, hasa alfajiri kabla upepo haujaitawanya, na haionekani hata kidogo. Macho husoma chembe, gesi hayaisomi.

Turudi kwenye jua, kwa sababu hapo ndipo wapiga picha wengi hupotea. Chembe za ukubwa huu hazirushi nuru sawasawa pande zote. Sehemu kubwa inaendelea mbele, ikikengeuka kidogo tu. Ukitazama kuelekea jua, chandarua kinang'aa sana. Ukilipa jua mgongo, kinang'aa kidogo, ingawa chembe ni zilezile. Sasa fikiria mtu wa Masisi anayetaka kuiona Nyiragongo. Volkano iko mashariki yake. Kabla jua halijachomoza, anga ya nyuma ya mlima imeshapata nuru lakini hewa iliyo mbele yake bado iko kivulini, na mstari wa mlima unakatika mkali kuliko saa nyingine yoyote. Jua likipanda juu ya volkano, linaanza kuwasha kila chembe iliyo kati yake na mtazamaji, na katika muda wa saa moja mlima unayeyuka. Watu husema ukungu umeingia, kumbe mara nyingi hakuna kilichoingia ila jua. Alasiri jua likiwa mgongoni mwake rangi zinarudi, isipokuwa wakati huo mawingu yamekwisha kukalia kilele.

Mtu wa Goma anaitazama Masisi kwa kanuni ileile iliyogeuzwa. Asubuhi vilima vya magharibi vina rangi na mikunjo, unaona hadi mistari ya mashamba. Jioni, jua likiwa nyuma ya vilima hivyo, vinabaki tabaka za buluu, kila moja ya nyuma nyepesi kuliko ya mbele. Tabaka hizo wapenda picha huzisifu sana. Ni nuru ya hewa tupu, imepangwa kwa ngazi.

Usiku mambo yanapinduka. Miaka yote ambayo ziwa la lava lilikuwepo, wekundu wake ulionekana juu ya Nyiragongo usiku kutoka Goma na kutoka migongo ya Masisi inayoitazama. Mtu hakuwa akiiona lava. Hiyo ilikuwa chini ndani ya kreta, nyuma ya kuta za mawe. Alichoona ni moshi wa mlima ukiangazwa kutoka chini. Moshi ulioufuta mlima saa nne ya asubuhi ndio uliomwonyesha mahali ulipo saa nne ya usiku.

Unyevu ni sura nyingine ya hadithi hii, na Masisi hauadimiki. Chembe za salfa hupenda maji. Hewa ikiwa kavu hubaki ndogo. Unyevu ukipita asilimia 80 huanza kunywa na kuvimba, na ukifika 90 upana wake unaweza kuwa umekaribia maradufu. Kitone kilichovimba hivyo kinatawanya nuru mara kadhaa zaidi. Ndiyo maana utando wa asubuhi yenye baridi ni mzito na ule wa saa nane mchana ni mwepesi, ingawa kiasi cha salfa hakikubadilika. Unyevu ukizidi kabisa, chembe hizohizo zinakuwa mbegu za vitone vya ukungu. John Aitken, Mskoti aliyekuwa akifanya majaribio na chupa zake za mvuke, alieleza mwaka 1880 kwamba bila vumbi dogo la hewani kusingekuwa na ukungu wala mawingu ya kawaida. Mvuke lazima upate kitu cha kushikilia. Motari anayevuka Mushaki wingu likiwa limelala barabarani anajua sehemu iliyobaki bila kusoma Aitken: akiwasha taa kali, ukuta mweupe unasimama mbele ya gurudumu, akiipunguza na kuielekeza chini, barabara inarudi mita chache.

Na mvua? Kila mtu wa Kivu anajua kwamba baada ya mvua milima inasogea karibu. Maelezo ya kawaida ni kwamba matone yanaifagia hewa yakianguka. Kwa vumbi nene ni kweli. Kwa chembe laini, tone linaloanguka linaisukuma hewa pembeni, na chembe nyingi zinapita nayo bila kuguswa. Usafishaji mkubwa unatokea juu zaidi, ndani ya wingu: kila kitone kimeanza kwa kuimeza chembe moja, na vitone vikiungana na kuanguka, chembe zinaanguka navyo. Kwa hiyo manyunyu mafupi ya jioni hayasafishi kama mvua ndefu iliyotoka kwenye wingu nene. Katika miezi ya Machi, Aprili, kisha Oktoba na Novemba, hewa ya Masisi inaoshwa karibu kila siku, na picha za kalenda zinapatikana hapo.

Kiangazi hakuna wa kuosha, na wageni wanaongezeka. Masisi iko kusini ya ikweta kwa kidogo tu, digrii moja na ushei, na kwa sababu hiyo inapata moshi wa pande mbili. Mwezi wa sita hadi wa tisa nyika zinaungua Katanga, Angola, Zambia na Tanzania. Desemba hadi Februari zinaungua upande wa pili, Afrika ya Kati, Sudani Kusini na kaskazini mwa Kongo. Zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kwa mwaka iko Afrika. Juu ya kilima cha Mugogo, kaskazini mwa Rwanda, kwenye mwinuko wa mita 2,590 na umbali wa kilomita 80 hivi mashariki ya Masisi, kuna kituo cha kupima hewa. Vipimo vyake vya masizi na monoksidi ya kaboni vinapanda katika misimu hiyo miwili ya ukavu na kushuka katika mvua, na njia za pepo zinaonyesha chanzo: kusini katikati ya mwaka, kaskazini mwisho wake. Mchungaji wa Masisi anayelalamikia weupe wa mwezi wa saba mara nyingi analalamikia majani yaliyoungua mbali sana na ng'ombe wake, katika nchi nyingine kabisa.

Hewa ya aina hii huenda iliwahi kumnyima mvumbuzi Stanley ugunduzi. Januari 1876 alifika karibu na Ziwa George, chini ya Rwenzori, akasikia habari za mlima mkubwa, lakini theluji hakuiona. Aliiona Mei 1888, na wawili wa maofisa wake walikuwa wameiona mwezi uliotangulia. Vitabu vingi vinalaumu mawingu, na mawingu ya Rwenzori hayahitaji wakili wa kuyatetea. Lakini tazama miezi. Januari ni kilele cha mioto ya kaskazini ya ikweta. Aprili na Mei ni mvua. Mimi ningeugawia moshi sehemu ya lawama. Mjerumani aliyepita karibu zaidi nasi katika historia hiyo, Gustav Adolf von Götzen, alipanda Nyiragongo mwezi wa sita 1894, akatoka hapo kuelekea magharibi, akaingia msitu uleule wa Walikale unaofika mto Lualaba. Alikuwa ameianza safari yake pwani, Pangani, na sehemu hiyo ya mwisho kabla ya mto aliitembea ndani ya miti ambako suala la kuona mbali halikuwepo.

Moshi wa nyumbani nao upo. Goma ina watu zaidi ya milioni moja, na wengi wao hupika kwa makaa, ambayo hushuka kutoka Masisi na kutoka misitu ya Virunga kwa malori, kwa pikipiki, kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Mwaka 2023 na 2024, vita vilipowamwaga watu wa Masisi na Rutshuru katika kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo, mafiga ya kuni yaliwaka kwa maelfu juu ya mawe ya lava. Baridi ya usiku inatuama chini na hewa yenye joto inakaa juu yake, hivyo moshi wa asubuhi haupandi. Unatanda kwa mstari ulionyooka mpaka jua liivunje hali hiyo.

Ukitaka kujifunza fizikia ya rangi bila chombo chochote, tazama tanuri la makaa kwenye mteremko. Moshi unaotoka ukiwa bado mbele ya kilima cheusi ni wa buluu. Ukipanda na kuuvuka ukingo wa kilima, ukiwa sasa mbele ya anga, moshi uleule unageuka kahawia au manjano. Kwanza uliona nuru ambayo moshi umeitawanya kuja kwako, ambayo ni ya buluu zaidi. Kisha ukaona nuru ya anga iliyobaki baada ya kupita ndani yake, na buluu imekwisha kutolewa. Leonardo da Vinci aliliandika jambo hili karne nne kabla ya Mie. Moshi uliozeeka haufanyi hivyo. Chembe zake zimegandana na kukua, unatawanya rangi zote, na unabaki kijivu.

Magharibi ya mji wa Masisi, ukipita Nyabiondo kwenda Kashebere, malisho yanaanza kuachia msitu. Kabla ya kushuka kabisa, kuna asubuhi ambazo mtu hujikuta amesimama juu ya ukungu badala ya ndani yake. Usiku wa anga tupu ardhi hupoteza joto, hewa ya baridi hushuka kwenye miteremko na kujikusanya mabondeni, juu ya maji ya Lowa na Osso na juu ya udongo usiokauka mwaka mzima. Hapo inashiba na kuwa ukungu. Juu yake hewa ni yenye joto kidogo na kavu zaidi, kwa hiyo ukungu una dari. Vilele vidogo vinachomoza kama visiwa. Kwa lugha ya watabiri wa hali ya hewa, ukungu ni pale upeo wa kuona unaposhuka chini ya kilomita 1. Ndani ya bonde unaweza kushuka chini ya mita 100, wakati mtu wa juu anaona kilomita 50.

Chini ya dari hiyo, ndani ya msitu wenyewe, mizani inabadilika. Hakuna upeo. Macho yanafika mita thelathini, arobaini, yanagonga shina. Kinachobaki cha kutazama ni nuru yenyewe, inayopenya majani kwa miale iliyonyooka. Miale hiyo haionekani kwa nguvu zake. John Tyndall, miaka ya 1870, alipaka gliserini ndani ya sanduku, akasubiri vumbi litulie na kunata, kisha akapitisha mwale wa nuru: ndani ya sanduku kulikuwa giza tupu, mwale ukaonekana tena ulipotoka upande wa pili. Msitu wa Walikale ungekuwa safi kama sanduku la Tyndall, miale isingeonekana. Inaonekana kwa sababu ya vitone vya umande, mbegu za kuvu, chavua na moshi wa jiko la mtu fulani.

Miti nayo inachangia kwa njia isiyotarajiwa. Majani, hasa mchana wa joto na jua kali, hutoa gesi za kaboni, isoprini ikiwa ndiyo nyingi kupita zote. Zikiungana na oksijeni na gesi nyingine za hewani, sehemu yake inagandana kuwa chembe ndogo mno. Frits Went, mtaalamu wa mimea mwenye asili ya Uholanzi, aliandika mwaka 1960 kwamba utando wa buluu unaoonekana juu ya misitu mikubwa, mbali na viwanda, unatokana na pumzi hiyo ya mimea, na kazi zilizofuata zimemuunga mkono kwa sehemu kubwa. Chembe changa ni ndogo kuliko wimbi la nuru, ndiyo sababu zinatoa buluu badala ya weupe. Ukitazama msitu wa Walikale kutoka juu saa nane mchana, rangi hiyo ya mbali ni ya miti kwa maana mbili.

Haya yote ya kuona na kutoona yaliwahi kuwa biashara ya kila siku. Karibu na mji wa Walikale, mahali panapoitwa Kilambo, kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa uwanja wa ndege. Magari yalizuiwa, ndege ndogo kutoka Goma ikatua, ikapakia madini ya bati yaliyotoka mgodi wa Bisie, ambayo wapagazi walikuwa wameyabeba mgongoni kwa magunia ya kilo 50 kupitia msituni, na magari yakaruhusiwa tena. Hapakuwa na mnara wa kuongozea wala vyombo vya kumshusha rubani kipofu. Rubani alitegemea macho. Sheria za kimataifa zinamtaka anayeruka kwa macho, katika mwinuko wa chini, awe na upeo wa angalau kilomita 5. Mstari wa Goma hadi Walikale ni kilomita 130 hivi, na katikati yake imesimama Masisi. Kusini kidogo, upande wa Bukavu, tarehe 1 Septemba 2008 ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Kisangani iligonga mlima katika hali mbaya ya hewa ikiwa karibu kutua. Watu 17 waliokuwemo walikufa wote.

Rubani wa njia hii alihesabu saa mbili zilizogombana. Ukungu wa bonde la Lowa haunyanyuki kwa ghafla. Jua linapenya kiasi, linapasha ardhi, na ukungu unaliwa kutoka chini na kwenye kingo, ukibaki tabaka la wingu dogo juu ya miti kabla ya kukatika vipandevipande. Kazi hiyo inaweza kuchukua sehemu kubwa ya asubuhi, na siku za mawingu ya juu huchelewa zaidi kwa kuwa jua halifiki. Joto hilohilo linalofungua Walikale ndilo linalopandisha hewa yenye unyevu kwenye migongo ya Masisi na kuigeuza mawingu. Ndege ilipochelewa kupakia, barabara ya Kilambo ilikuwa wazi kabisa, jua likiwaka, na mlango wa kurudia Goma ulikuwa umeshafungwa.